Saratani ya koo: Hatua ya nne si hukumu ya kifo



Mwalimu hana chombo cha kazi anachokitumia zaidi ya sauti yake. Chaki ikiisha huletwa nyingine, kitabu kikichakaa hubadilishwa, lakini sauti ikipotea hakuna bohari inayoigawa. Mtumishi wa serikali naye, awe karani wa masjala, bwana shamba au ofisa mtendaji wa kata, kazi yake ni kuwasikiliza watu na kuwajibu. Kwa hiyo sauti ya mtumishi inapokwaruza kwa wiki nyingi, jambo hilo si lake peke yake. Ni la shule yake, la ofisi yake na la jamaa yake.

Hata hivyo, mjini Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, majibu ya sauti iliyokwaruza huwa tayari. Hulaumiwa vumbi la chaki. Hulaumiwa baridi ya Juni na Julai. Mgonjwa hupewa tangawizi na asali, kisha vidonge vya duka la dawa, kisha huambiwa kwamba ana kimeo na akakatwe. Koo nyingi zinazokwaruza hupona zenyewe, na ndiyo maana majibu hayo huaminiwa. Lakini zipo chache ambazo hazikwaruzwi na chaki wala baridi, bali na saratani, na miezi inayopotea katika kubahatisha ndiyo inayoupa ugonjwa nafasi ya kukua. Hatimaye mgonjwa hufika hospitali kubwa, hupimwa, na jamaa hurudi nyumbani na maneno matatu: hatua ya nne. Hapo kilio huanza kabla ya msiba.

Mazungumzo haya yana shabaha ya kueleza maneno hayo matatu yana maana gani na hayana maana gani. Maana si wagonjwa wachache wanaoacha matibabu kwa sababu walielewa vibaya jina la ugonjwa wao.

Jambo la kwanza la kuelewa ni neno lenyewe koo. Katika lugha ya kila siku, koo ni kila kitu kilichomo shingoni. Kwa daktari, shingoni mna njia mbili. Iko njia ya hewa, ambayo mlango wake ni kisanduku cha sauti, ambacho wataalamu hukiita zoloto. Na iko njia ya chakula, ambayo huanzia koromeo, nyuma ya kinywa, na kushuka hadi tumboni kwa mrija uitwao umio. Saratani inaweza kuota katika njia yoyote kati ya hizo, na watu wote wataiita saratani ya koo, ilhali ni magonjwa tofauti yenye dalili tofauti na tiba tofauti.

Saratani ya kisanduku cha sauti hujitangaza mapema, kwa kuwa hata kinundu kidogo juu ya nyuzi za sauti huiharibu sauti. Huu ni upungufu wa bahati mbaya wa adui: anapiga kengele kabla hajaingia ndani. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila nafuu inataka daktari wa masikio, pua na koo, hasa kwa mtu aliyepita umri wa miaka 40 au anayevuta sigara. Saratani ya koromeo huweza kujificha zaidi. Dalili zake ni maumivu ya koo yasiyokwisha, maumivu yanayopanda hadi sikioni, kumeza kwa taabu, na mara nyingine uvimbe wa shingoni peke yake. Saratani ya umio ndiyo msiri kuliko zote. Umio hutanuka, na mgonjwa huanza kuhisi ugali unakwama pale tu ambapo njia imekwisha kuzibwa sehemu kubwa. Yeye huanza kula uji, kisha maziwa, na huku akisema ana vidonda vya tumbo.

Watu wa Kaskazini wanayo sababu ya pekee ya kuufahamu ugonjwa huu wa umio. Wanasayansi wamechora ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini, ambamo saratani ya umio ni nyingi kuliko inavyotazamiwa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, ambao ulipima joto la chai wanayokunywa watu. Ilionekana kwamba watu huanza kuinywa ikiwa na nyuzi joto 70 hivi. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba vinywaji vinavyopita nyuzi joto 65 pengine husababisha saratani ya umio. Si chai yenyewe yenye kosa, wala maziwa. Ni moto wake. Dakika chache za kusubiri kikombe kipoe hazina gharama yoyote.

Liko pia suala la maji. Wakazi wa miteremko ya Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, wanajulikana kwa meno yenye rangi ya kahawia kutokana na madini ya floridi yaliyomo katika chemchemi na mito ya mlima huo kwa kiasi kinachozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka magharibi ya Kenya ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani ya umio walikuwa na meno ya namna hiyo, na meno mabovu kwa jumla, mara nyingi zaidi kuliko watu wazima wengine. Hilo halithibitishi kwamba floridi ndiyo inayoleta saratani, na si haki kumtisha mtu kwa rangi ya meno yake. Linatosha tu kumfanya mwenye meno hayo asipuuze chakula kinapoanza kukwama.

Ama kisanduku cha sauti na koromeo, adui wao wakubwa wanajulikana pasipo shaka: tumbaku na pombe. Na viwili hivyo vikiwa pamoja madhara yake hayajumlishwi, huzidishwa.

Je, ugonjwa huthibitishwaje? Kwa karne nyingi hakuna mtu aliyepata kuziona nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi kama alivyoziona Manuel García. Bwana huyu hakuwa daktari bali mwalimu wa uimbaji. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo chenye mpini na mwanga wa jua kuitazama sauti yake mwenyewe ikifanya kazi. Madaktari walikichukua kioo hicho kutoka mkononi mwa mwalimu, na hadi leo kingali katika vyumba vyao. Siku hizi kimeongezewa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa puani kutazama kisanduku cha sauti, au kumezwa kutazama umio.

Lakini kuona si kuthibitisha. Daktari akiona kinundu hana budi kukata kinyama kidogo na kukipeleka maabara kitazamwe kwa darubini. Watu wengi hukiogopa kitendo hiki wakidai kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Imani hiyo imewaponza wengi. Bila kinyama hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna tiba. Hali kadhalika, uvimbe wa shingoni usitibiwe kama kifua kikuu kwa kukisia tu. Ni kweli kwamba kifua kikuu huvimbisha tezi za shingo na hata huingia katika kisanduku cha sauti. Lakini ndiyo sababu hasa ya kupima, kwa kuwa mwenye saratani anayemeza vidonge vya kifua kikuu kwa miezi sita atakuwa amempa adui miezi sita.

Historia inatoa fundisho lingine juu ya kinyama. Mwezi Januari 1887 sauti ya Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, ilianza kukwaruza. Mwezi Mei madaktari wa Berlin walishuku saratani wakataka kumpasua. Daktari Morell Mackenzie aliitwa kutoka London, akakata vinyama, navyo vikapimwa na Rudolf Virchow, bingwa mkubwa kuliko wote wa zama zile. Virchow hakuona saratani. Upasuaji ukaahirishwa. Mwezi Novemba ugonjwa ulikuwa dhahiri kwa kila mtu. Februari 1888 alitobolewa shingoni ili apate kupumua, Machi akawa mfalme asiyeweza kusema, na tarehe 15 Juni akafariki, baada ya kutawala siku 99. Mwanawe, Wilhelm wa Pili, ndiye aliyekuwa mfalme Wajerumani walipojenga boma la Arusha. Fundisho ni hili: kinyama kikionyesha hakuna saratani, nawe dalili zako zinaendelea, rudi ukapimwe tena. Darubini huona kile tu ilichopelekewa.

Baada ya jina kupatikana, hutafutwa mipaka ya ugonjwa. Hapo ndipo huja picha za siti skani za shingo na kifua, na vipimo vingine kadiri daktari aonavyo. Daktari huuliza mambo matatu: uvimbe wenyewe umekua kiasi gani, umeingia katika tezi za shingo au la, na umekwenda mbali, kama vile mapafuni au kwenye ini, au la. Majibu ya maswali hayo matatu hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo huitwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne.

Sasa jambo lenyewe ndilo hili. Katika saratani ya kisanduku cha sauti, hatua ya nne si chumba kimoja. Ni nyumba yenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza, ambacho madaktari hukiandika 4A, humo mna wagonjwa ambao uvimbe wao umetoboa gegedu la kisanduku cha sauti, au umeingia katika tezi kadhaa za shingo, lakini haujatoka shingoni. Wagonjwa hao huweza kutibiwa kwa nia ya kuwaponya. Chumba cha pili, 4B, ni cha uvimbe ulioshika sehemu ngumu kukatwa, kama vile kuuzunguka mshipa mkubwa wa damu. Kazi hapo ni nzito zaidi, ingawa shingoni ndipo bado vita vilipo. Ni chumba cha tatu tu, 4C, chenye maana ya ugonjwa uliosambaa mwilini. Basi jamaa anayesikia hatua ya nne akaanza kuchimba kaburi moyoni, hajauliza mgonjwa wake yumo chumba gani. Wala asilinganishe na jirani aliyefariki kwa saratani ya umio au ya matiti, kwa kuwa kila saratani ina hesabu yake.

Tiba ya ugonjwa huu uliokomaa ina historia ndefu. Tarehe 31 Desemba 1873, mjini Vienna, Theodor Billroth aliondoa kisanduku chote cha sauti kwa sababu ya saratani, na mgonjwa akaishi miezi kadhaa. Kwa karne nzima iliyofuata, upasuaji huo ndio uliokuwa tegemeo. Huokoa maisha, lakini bei yake ni sauti ya asili: mgonjwa hupumua kwa tundu la kudumu shingoni. Mwaka 1991 nchini Marekani yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyowahusu wagonjwa 332 wenye ugonjwa wa hatua ya tatu na ya nne. Nusu walianza kwa upasuaji na kufuatiwa na mionzi. Nusu walianza kwa dawa za mishipani kisha mionzi. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 walikuwa hai katika kila kundi, na katika kundi la dawa na mionzi, asilimia 64 walikuwa wamebaki na kisanduku chao cha sauti. Mwaka 2003 majaribio mengine yalionyesha kwamba dawa na mionzi vikitolewa kwa wakati mmoja, asilimia 88 hubaki na kisanduku hicho baada ya miaka miwili.

Takwimu hizo zisichukuliwe kama ahadi kwa kila mtu. Pale uvimbe ulipokwisha kutoboa gegedu, mara nyingi kisu bado ndicho bora. Dawa iitwayo sisplatini huweza kudhuru figo na masikio. Mionzi huchoma kinywa, hukausha mate, huondoa ladha; ndiyo maana meno mabovu hutibiwa kabla haijaanza, na wengine huwekewa mrija wa kulishia tumboni. Na mwalimu anayeambiwa atapoteza sauti yake ana haki ya kulia, ana haki ya kuuliza, na hatimaye uamuzi ni wake. Lakini ajue kwamba kupoteza kisanduku cha sauti si kuwa bubu wa milele. Wako waliojifunza kusema kwa hewa ya umio, wako wanaotumia kifaa kinachotetemesha shingo, na tangu mwaka 1980 kuna kidude kidogo kinachowekwa kati ya njia mbili za koo ili hewa ya mapafu itoe sauti tena.

Matibabu yanapatikana wapi? Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko kilometa 80 hivi kutoka Arusha, na mwaka 2016 ilianzisha kituo cha saratani kinachotoa dawa za mishipani. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996 katika hospitali waliyoijenga Wajerumani karne moja kabla, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pekee pa mionzi nchini, hadi Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilipoanza kazi hiyo. Mionzi ya kuponya saratani ya koo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki saba, jumla siku 35. Kwa mtu wa Tengeru au Usa River aliyepelekwa Dar es Salaam, hiyo ni miezi miwili ya kulala ugenini na ya jamaa mmoja kuacha kazi.

Hapa ndipo wajibu wa wenzake unapoanza. Mionzi haipendi kukatizwa. Siku zinazorukwa huupa ugonjwa nafasi ya kuota upya. Mwalimu mkuu anayemwita mgonjwa arudi kusimamia mitihani, au ofisi inayochelewesha barua ya ruhusa, inakata dawa bila kujua. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza na watumishi wa umma; basi mtumishi na aulize mapema kadi yake inalipia nini, wenzake nao wachangie nauli na malazi ambayo kadi haiyagusi.

Haifai kusahau mwaka 2011, pale maelfu ya watu, wakubwa kwa wadogo, walipopanga foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na wengi walikuwa wameambiwa hospitalini kwamba hakuna linalowezekana. Wako walioacha dawa zao wakapotea. Chanzo cha foleni ile kilikuwa kauli isemayo hakuna dawa, na kauli hiyo mara nyingi si ya kweli.

Si ya kweli hata katika chumba cha tatu, ambako kuponya hakuwezekani tena. Kuponya ni jambo moja, kutibu ni jingine. Umio ulioziba huweza kuwekewa mrija wa waya unaojitanua wenyewe, na mtu aliyekuwa hamezi mate akanywa uji. Katika Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, mamia ya wagonjwa wamesaidiwa hivyo. Anayekosa pumzi huweza kutobolewa shingoni. Na mwenye kukoroma kwa kila pumzi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Mionzi michache hupunguza maumivu na damu. Na mofini ya maji, ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo, haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wala haiharakishi kifo, humrudishia usingizi. Hospitali ya Selian, karibu na Ngaramtoni, imekuwa kwa miaka mingi ikiwafuata wagonjwa wa namna hiyo hadi majumbani mwao. Huko nako ni kutibu.

Iko desturi moja ya kuachwa. Jamaa humvuta daktari pembeni na kumwomba asimwambie mgonjwa. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mgonjwa asiyejua ugonjwa wake hawezi kuvumilia mionzi ya wiki saba, hawezi kuamua juu ya sauti yake, wala hawezi kupanga ada za watoto wake. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kwa hiyo mgonjwa na jamaa wanapoingia kwa daktari, waingie na maswali manne yaliyoandikwa kwenye karatasi. Saratani imeota wapi hasa, katika njia ya hewa au ya chakula? Kinyama kimesema nini? Imefika wapi, bado iko shingoni au imetoka? Na tiba inayopendekezwa inakusudia kuponya, au kutuliza? Daktari mwema hufurahi kuulizwa, kwa kuwa mgonjwa aliyeelewa ndiye anayerudi kliniki. Na walimu, ambao kila siku huwafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, wawe wa kwanza kuuliza.